Vinanda Vinne Vinatosha

(Maneno ya mwalimu wa muziki wa Tunduma katika mkutano wetu wa mwisho wa mwaka uliofanyika Vwawa. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema, kwa maombi ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Katibu aliponipigia simu aliniambia nina dakika ishirini. Nieleze mimi ni nani, nilijifunzia wapi muziki, na nawafundishaje watoto, ili wanachama wajue fedha zao zinakwenda kwa mtu wa namna gani. Nikakubali. Baada ya wiki akanitumia karatasi ya makisio, na mstari wa kwanza kabisa ukasema: vinanda ishirini kwa ajili ya shule za nyumbani, kila kimoja shilingi 800,000. Karatasi hiyo nimelala nayo siku tatu. Maswali ya Katibu nitayajibu yote matatu, lakini nikiondoka hapa bila kuigusa hiyo karatasi nitakuwa nimewaficha jambo. Nivumilieni mpaka nifike huko.

Mimi ni mtoto wa Mbozi. Nimezaliwa kijiji kisicho mbali na misheni ile ambayo Wamoravian waliifungua mwaka 1899. Baba alikuwa na shamba la kahawa, mama aliimba sauti ya pili kwaya ya kanisani. Walio wa rika langu wanakumbuka mambo yalivyokuwa. Umeme hapakuwa, na kinanda cha umeme tungekipata wapi? Kilichokuwepo ni matarumbeta. Wamoravian wana desturi hiyo tangu karne ya 18 huko kwao Ujerumani, na popote walipokwenda walikwenda nayo. Asubuhi ya Pasaka, giza bado, mnaamshwa na matarumbeta kwenda makaburini. Mimi sijasikia sauti nyingine duniani inayoniingia kama ile, na nimesikia nyingi.

Mjomba wangu alipiga tarumbeta kubwa, lile la besi. Kazi yangu ilikuwa kulibeba. Kulipuliza, hapana, ni kulibeba tu, kwenda na kurudi, na wakati wa kupiga nakaa hapo miguuni pake. Kwa hiyo nilizijua nyimbo zote kwa sauti ya nne kabla sijajua zinaimbwaje na watu wengine. Hata leo mkiniimbia wimbo, sikio langu linakwenda chini kwanza kutafuta besi, halafu ndipo linapanda. Wanafunzi wangu wananicheka kwa hilo. Lakini mtoto anayesikia besi hapotei, na hilo nalifundisha mpaka leo: kabla ya kuniimbia wimbo, nionyeshe miguu yake iko wapi.

Kijijini alikuwepo mwalimu mstaafu aliyekuwa na kinanda cha kukanyaga, vile vya upepo, unasukuma kwa miguu kama cherehani. Kila Jumamosi alasiri alinifundisha. Ada yangu ilikuwa kuni, na wakati wa kahawa kumsaidia kuchuma. Alikuwa fundi kweli. Nota alizichora ubaoni kwa chaki, do, re, mi, fa, so, la, ti, akaziunganisha kwa mistari na nukta za mapigo, akanifanya niziimbe mpaka nikaziota. Alikuwa pia na rula ya mbao, na rula hiyo ilikaa juu ya kinanda karibu na mkono wake wa kulia. Kidole kikikosea, rula inashuka. Nitairudia habari ya rula.

Baadaye nilikwenda Bagamoyo, kwenye kile Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho siku hizi tunakiita TaSUBa. Kutoka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na ukifika unakuta bahari, ambayo mimi nilikuwa sijawahi kuiona. Nilikwenda nikidhani nitafundishwa kinanda cha Kizungu nirudi nyumbani kuwatambia watu. Nikakuta walimu wanaheshimu ngoma kuliko kinanda. Hicho ndicho chuo alichofundisha marehemu Hukwe Zawose, yule Mgogo wa zeze na ilimba ambaye watu wa Ulaya na Japani walikata tiketi kumsikiliza, akipiga muziki alioukulia kwao Ugogo. Mimi ninayetoka kwenye matarumbeta na nyimbo za Kijerumani zilizotafsiriwa nikaanza kujiuliza: je, bibi yangu alikuwa anatwanga kwa mapigo gani? Swali hilo limenilisha kazini miaka yote hii, na mtaona nilivyolitumia.

Nikarudi, nikafundisha shule ya msingi miaka kadhaa. Wakati huo muziki ulikuwa umefichwa ndani ya masomo mengine, ukipata nafasi unafundisha wimbo wa kukaribisha wageni, basi. Mwaka 2009 nikaanza kufundisha sebuleni kwangu, Majengo, Tunduma. Kinanda kimoja, viti viwili, ubao mdogo. Nilianza na wanafunzi watatu, mmoja wao mwanangu.

Sasa nawafundishaje?

Mtoto akiletwa kwangu, mzazi hutaka akiguse kinanda siku hiyo hiyo. Simruhusu. Somo la kwanza tunaimba, na tunasikiliza barabara. Mnaijua Tunduma: malori yamepanga foleni kwenda mpakani, usiku na mchana. Lori likipiga honi, namwambia mtoto, imba hiyo. Akishaiimba ndipo naye anaitafuta kwenye kinanda kwa kidole kimoja. Akiipata anashangaa kama ameokota fedha. Halafu namwuliza: ikiwa honi hiyo ndiyo do, so yake iko wapi? Honi za malori zimenisaidia kuliko vitabu vingi, na ni za bure. Treni ya TAZARA nayo ikipita tunaipokea hivyo hivyo, ingawa ratiba yake si ya kutegemea kupangia somo.

Hii do, re, mi naomba niisemee kidogo, maana vijana wetu wameanza kuionea haya. Wanaona kijana wa mjini anasoma ile mistari mitano, wanadhani nota za kwaya ni za watu wa kijijini. Historia yake ni hii. Kule Uingereza karne ya 19 mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover, alitengeneza njia ya kuwafundisha watoto kuimba kwa herufi. Mchungaji John Curwen akaichukua akaikamilisha, lengo likiwa watu wa kawaida, wafanyakazi na watoto wao, waweze kuimba sauti nne bila kuwa na fedha za kununua kinanda. Wamisionari wakaisambaza Afrika yote ya kusini na mashariki, nasi tukaishika kuliko hata wao walivyoishika. Mwaka 1897 mwalimu wa shule na wa kwaya huko Johannesburg, Enoch Sontonga, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika kwa nota hizo hizo. Lahani hiyo ndiyo Wimbo wa Taifa letu.

Na ndiyo ya wimbo wa taifa wa Zambia. Ninao wanafunzi kutoka Nakonde, wanavuka asubuhi ya Jumamosi na kurudi mchana. Siku moja nilimweka mtoto wa Nakonde na mtoto wa Tunduma kwenye kinanda kimoja, nikawaambia wapige wimbo wa taifa. Wakaanza pamoja vizuri, halafu wakafungua midomo kuimba, kila mmoja maneno yake, mmoja Kiswahili mwingine Kiingereza. Wakasimama. Wakatazamana. Yule wetu akaniuliza, "Mwalimu, nani kamwibia mwenzake?" Nikawaeleza habari za Sontonga. Mtoto akafikiri, akasema, "Kumbe alikuwa mwalimu kama wewe." Nilifurahi, ingawa somo lililofuata hakuwa amefanya zoezi lake hata kidogo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hizi nota zetu zina akili. Do inahama. Wimbo ukiwa juu mno kwa akina mama, mwalimu wa kwaya anashusha do, kila mtu anaifuata, hakuna anayeandika upya karatasi. Mtoto aliyekulia kwenye kwaya anayo hesabu hiyo kichwani tayari. Mpeleke kwenye kinanda umfundishe vizuri, atapiga wimbo mmoja kwenye ki ya C, ya F, ya G, kwa sababu anajua kila nota ni ndugu yake nani. Mistari mitano naileta baada ya hapo, na haichukui muda. Namwambia do inaweza kukaa mstari wowote, tuitafute.

Lakini siku hizi kuna kitufe. Wapigaji wanakiita transpozi. Unabonyeza, kinanda chenyewe kinapandisha au kushusha sauti, na wewe unaendelea kupiga kwenye C maisha yako yote. Kanisani kwenu mnaye kijana wa namna hiyo, msinitazame. Siku kinanda kingine kikiletwa ambacho kitufe hicho hakioni, ibada inasimama. Kuna na kitufe cha biti, kile kinachojipigia ngoma na besi na kila kitu, mtoto anaweka kidole kimoja tu, mama yake nje anadhani mwanangu ameiva. Vitufe hivyo viwili kwenye kinanda changu nimevibandika plasta ya hospitali. Kila mwanafunzi mpya anajaribu kuibandua. Ninabadilisha plasta kila mwezi.

Mapigo nafundisha kwa majina ya kwetu. Vwawa ni mapigo mawili: Vwa-wa. Tunduma ni matatu: Tu-ndu-ma. Isongole, kule Ileje mpakani na Malawi, ni manne: I-so-ngo-le. Mtoto wa miaka sita anaelewa hivyo kabla sijamwambia neno lolote la kitaalamu. Akishazoea, namwambia mkono wa kulia useme Tunduma, wa kushoto useme Vwawa, ianze pamoja imalizike pamoja. Jaribuni hapo mlipo, kwenye magoti. Ndiyo. Naona wazee wameipata, na vijana wa Dar bado wanahangaika.

Hilo ni pigo la tatu juu ya mbili, na kwenye vitabu vya piano linawekwa mbele kama jambo gumu. Kwetu limo kwenye ngoma, limo kwenye kinu. Akina mama watatu wakitwanga kwa zamu na mmoja akaanzisha wimbo unaokwenda kwa mbili, ndiyo hiyo. Swali langu la Bagamoyo kuhusu bibi lilipata jibu hapo. Watoto wetu wanakuja na mali hiyo mkononi, mwalimu akiwa na macho anaianzia hapo, akiwa hana anaanza kuwafundisha kama watu watupu.

Nyumbani wengi hawana kinanda. Kwa hao ninachukua boksi, lile gumu la televisheni au la friji, nachora vibao vyeupe na vyeusi kwa kipimo chenyewe, oktava mbili. Mtoto anakwenda nalo nyumbani, anafanya zoezi la vidole juu ya boksi huku akiimba nota kwa mdomo. Mwanzoni nilifanya hivyo kwa sababu ya umaskini. Sasa hata wenye vinanda nawapa boksi kwa miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu boksi halimwimbii mtoto, inabidi aimbe mwenyewe. Kodi tatu za mwanzo tunazijifunza juu ya boksi. (Tunduma ukitamka neno kodi watu wanaangalia mlangoni kama TRA wamefika. Ninasema kodi za muziki.)

Niliwaahidi habari ya rula.

Nilipoanza mwaka 2009 sikujua njia nyingine ya kufundisha vidole ila niliyofundishwa mimi. Nikanunua rula. Mwaka wa pili nililetewa binti wa miaka tisa, mama yake anauza nguo karibu na stendi. Binti yule alikuwa na sikio ambalo sijalipata tena. Ukipiga kodi anakutajia nota zilizomo, na ukificha moja katikati anakuambia unaificha. Lakini kidole chake cha nne cha mkono wa kushoto kilikuwa kinaanguka, hakisimami. Kile ni kidole dhaifu kwa kila mtu, kimefungwa na jirani zake, hakitaki kunyanyuka peke yake. Mimi nilikiona kama uzembe. Nikampiga. Siyo kwa hasira, na hilo ndilo linaloniuma, nilimpiga kwa utulivu kabisa, kama mtu anayefanya kazi yake. Wiki iliyofuata nikampiga tena. Wiki ya tatu hakuja.

Mama yake alikuja mwenyewe siku ya Jumatatu. Aliniletea ada ya wiki zilizobaki na daftari la binti, amelifunga ndani ya mfuko wa nailoni lisilowe, maana mvua ilikuwa inanyesha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Asante mwalimu, amesema basi." Nikamwambia naomba nizungumze naye. Akasema, "Hapana, baba." Daftari hilo ninalo. Ukurasa wa mwisho binti alikuwa ameandika wimbo wake mwenyewe, mistari minne kwa nota za do, re, mi, sauti mbili, na sauti ya pili haina kosa hata moja. Walihama Tunduma mwaka uliofuata. Rula niliichoma jikoni siku ile ile, lakini kuchoma rula ni rahisi. Ilinichukua miaka kujifunza kwamba kidole cha nne kinafundishwa taratibu, kwa nota mbili tu, dakika tatu kwa siku, na kwa kumwacha mtoto apumzishe mkono. Mtu angeniambia hivyo mapema, binti yule angekuwa leo anasimama hapa badala yangu.

Ninaisema habari hii mbele yenu kwa sababu ya vile vinanda ishirini. Kinanda kinanunuliwa siku moja, kwa risiti. Mwalimu anachukua miaka, na katikati ya miaka hiyo anaharibu watoto akiwa hana mtu wa kumrekebisha.

Wenye kumbukumbu wanajua kwamba chama hiki kiliwahi kuchangia vinanda siku za nyuma. Mimi mwenyewe nilikuwa mbele nikipiga makofi, na picha ipo. Shule sitaitaja. Nilipita pale baada ya miaka miwili nikaomba kuviona. Vilikuwa stoo, ndani ya maboksi yake, viwili havijafunguliwa hata plastiki. Ufunguo wa stoo alikuwa nao mwalimu aliyekwisha kuhamishwa. Panya walikuwa wamekula waya. Simlaumu mkuu wa shule yule, maana alipewa vyombo ambavyo hakuna aliyejua kuvitumia, vimeandikwa kwenye leja, kikiharibika kimoja anaulizwa yeye. Mwenye busara angefanya nini? Angefunga mlango.

Sasa mambo yamesogea. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo shule ya msingi, na sekondari somo la Muziki lina mtihani wake wa Kidato cha Nne kwa shule chache zenye mwalimu. Kwa wazazi wanaoniuliza habari za cheti, ile bodi ya London, ABRSM, iliyoanza mwaka 1889, ina ngazi nane, na tangu 2020 inapokea mitihani ya kupiga kwa video. Maana yake mtoto wa Majengo anaweza kurekodiwa akiwa Majengo. Zamani nilikuwa namwambia mzazi, tafuta nauli ya Dar. Milango hiyo ipo wazi, lakini hakuna mlango hapo ambao mtoto anaupita kwa kuwa na kinanda bila mwalimu.

Walimu je, tunao? Ninao vijana niliowafundisha mpaka wakaweza kufundisha. Walikuwa watano. Wawili wamekwenda Dar es Salaam, wanapiga kwenye mahoteli na makanisa makubwa, siwalaumu, wanakula. Wamebaki watatu: mmoja Mlowo, mmoja hapa Vwawa, mmoja Tunduma. Yule wa Mlowo ana wanafunzi wanne, na wanaolipa ni wawili. Ameniambia akifika Juni bila mabadiliko anauza gitaa lake anunue bodaboda. Ni kijana mwenye subira kuliko mimi nilivyokuwa. Hajawahi kushika rula.

Ada yangu ni shilingi 10,000 kwa somo la saa moja. Wakulima wananilipa wakati wa kahawa kwa mkupuo, wengine mahindi, sijawahi kumrudisha mtoto kwa hilo. Lakini mimi nina nyumba yangu na mashamba kidogo. Kijana anayepanga chumba hawezi kusubiri kahawa ya mtu mwingine iive.

Basi hesabu yangu ni hii, nimeiandika nyuma ya karatasi ya Katibu. Vinanda ishirini ni shilingi milioni 16. Tununue vinne: Tunduma, Vwawa, Mlowo na Itumba kule Ileje. Viwe vya oktava tano, vile vya vibao 61 vinavyosikia uzito wa kidole, na kila kimoja kikae kwa mtu anayekitumia, siyo stoo. Hiyo ni milioni 3 na laki mbili. Inabaki milioni 12 na laki nane. Mtoto akisoma somo moja kwa wiki, wiki arobaini kwa mwaka, ni laki nne. Kwa fedha inayobaki tunawalipia watoto 32 mwaka mzima, au 16 miaka miwili. Mimi ningechagua 16 miaka miwili, kwa sababu mwaka mmoja mtoto anaishia mahali ambapo vidole vimeanza tu kutii. Watoto hao wagawiwe wale vijana watatu. Kwangu msilete hata mmoja, siku zangu zimejaa, nina wanafunzi kumi na wanne na sikio la kushoto limeanza kunipungukia. Mtu asije akasema mwalimu alikuja kujitafutia mshahara.

Najua kuna mzazi wa Kamsamba hapa, kanitazama tangu nilipotaja Itumba. Mama, swali lako nalijua. Kwenye mpango wangu Momba haina kitu, na kwenye mpango wa Kamati shule zenu zingepata vinanda vitatu. Sina jibu la kukuridhisha. Siwezi kumtuma kijana Kamsamba kila wiki kwa nauli ya leo, na siwezi kukuambia kinanda bila mwalimu kitakufaa, kwa kuwa nimekwishaona stoo. Ninachoweza ni kuchukua mtoto mmoja mkubwa wa kwenu, aliyekwisha kuimba kwaya, akae kwa ndugu Tunduma, nimfundishe mwenyewe bila ada mpaka aweze kurudi kufundisha. Hiyo ni miaka mitatu au minne. Kama unaye, tuonane nje baada ya chakula.

Kamati itaamua. Mwenyekiti anajua kwamba karatasi ya vinanda ishirini inapendeza zaidi kwenye picha, na wafadhili wanapenda kupiga picha na vyombo. Mimi sina picha ya kidole cha nne.

Nimekuja na mwanafunzi wangu mmoja. Ana miaka kumi na moja, anaishi Majengo, kwao hakuna kinanda, boksi lake ni la tatu sasa, mawili yaliloa. Atapiga wimbo wa matarumbeta wa Pasaka ambao wazee wa Mbozi mnaujua, kwanza kwenye F, halafu kwenye G bila kugusa kitufe. Nimeomba besi aipige peke yake mara moja kabla ya kuingiza sauti nyingine, mjomba angependa. Naomba aliye karibu na jenereta aizime kidogo, kinanda kina betri. Njoo, mwanangu. Kiti kisogeze mbele. Haya.